Uzi wa Bukuru

Mwaka ule Burundi ilipowaka moto, sabini na mbili, wanawake wa Mwamgongo waliendelea kuanika dagaa kama kawaida yao. Dagaa hawajui vita. Usipowaanika wanaoza, na vita haikulipi. Lakini Butoyi, mke wa Leodgar mvuvi, alikuwa akianika huku shingo imegeukia kaskazini. Mkono unatandaza, jicho liko ziwani. Boti ikichomoza kule kwenye rasi, anaacha sinia palepale, anakwenda kusimama maji yanapoishia, na anawatazama wanawake wanaoshuka, mmoja mmoja, usoni. Wakiisha wote anarudi kwa dagaa wake, na kunguru wameshajitwalia cha kwao.

"Butoyi we," jirani yake Asnath alimtania siku moja, "unaanika dagaa au unaanika macho?"

"Yote mawili, shoga. Macho yakikauka nitakuletea ukachome."

Wakacheka wote, kisha wakarudi kwa dagaa wao, maana hapakuwa na mtu pwani ile asiyejua Butoyi anamtafuta nani. Alikuwa anajitafuta yeye mwenyewe. Sura ile ile, pua ile ile, na pengo dogo lile lile kati ya meno ya mbele. Alikuwa anamtafuta Bukuru, pacha wake.

Kwetu ziwani jina la pacha halichaguliwi. Anayetangulia kutoka ni Bukuru, anayefuata ni Butoyi, basi. Wawe wa kiume wawe wa kike, wa tajiri au wa maskini, hata padri akiwabatiza kwa majina ya watakatifu, majina hayo yatabaki kanisani na nyumbani wataitwa Bukuru na Butoyi mpaka kaburini. Hawa wawili waliandikwa Veneranda na Brigita, na ukiwauliza wao wenyewe nani alikuwa Veneranda, wangekutazama kama umeuliza jina la kuku.

Na ukiwa Bukuru una cha kwako. Chakula kikiiva unapakuliwa wewe kwanza. Nguo ikinunuliwa, na lazima zinunuliwe mbili sawasawa, wewe ndiwe unayevaa kwanza. Maji ya kuoga, kwanza wewe. Na posa ikija, Bukuru hutoka kabla ya Butoyi, hata kama mposaji amepofuka kwa kumpenda yule mdogo.

Sasa siku walipozaliwa, bibi yao mzaa baba ndiye aliyewapokea. Alimfunga wa kwanza uzi mweusi mkononi ili asimchanganye na mwenzake. Akawaogesha, akawapaka mawese mwili mzima, kama watoto walivyopakwa zamani mpaka wanang'aa kama samaki. Alipogeuka kutafuta kanga na kurudi, uzi ulikuwa chini kwenye mkeka. Umeteleza kwa mafuta. Watoto wawili wamelala ubavu kwa ubavu, mikono mitupu, na hakuna alama nyingine duniani.

Bibi alikaa pale akawatazama. Mama yao alikuwa hoi, hajui la kushoto wala la kulia. Kisha mmoja akalia.

"Anayelia ndiye mkubwa," bibi akasema. "Mkubwa hudai haki yake." Akaufunga uzi upya, mara hii akaukaza.

Bibi hakuificha hadithi hiyo. Aliisimulia kwenye kila ngoma na kila kilio, na watu wakacheka, na pacha wenyewe wakacheka zaidi ya watu. Wakiwa wasichana wadogo, Butoyi akinyimwa kitu humwambia mwenzake, "Kula tu. Usingekuwa na njaa siku ile, leo ningekuwa natangulia mimi." Na Bukuru hujibu, "Nani alikwambia ulale? Ungelia!" Ulikuwa mchezo wao.

Mchezo uliisha siku ilipoingia posa kutoka Nyanza ya Burundi. Enzi zile mpaka ulikuwa jambo la Wazungu. Ukiondoka Mwamgongo asubuhi kwa mtumbwi, alasiri uko Nyanza, na watu wa pande zote mbili walikuwa wakioana na kuzikana. Mposaji aliitwa Bonifasi. Alikuwa na michikichi ya kutosha na sauti ya upole. Wazee wake hawakusema wanamtaka nani. Walisema tu wanataka binti katika nyumba ile, na baba akajibu kama desturi ilivyomwelekeza, "Bukuru ndiye anayetoka."

Jioni moja kabla ya safari, pacha wawili walikuwa wakisugua masufuria kwa mchanga pale ufukweni. Bukuru akasema, bila kuinua kichwa:

"Butoyi. Hebu tubadilishane."

"Nini, sufuria?"

"Majina. Wewe nenda, mimi nibaki. Nani atajua? Hata mama hutuita kwa kubahatisha."

Butoyi akacheka. Akamtazama mwenzake, akaona kwamba yeye hacheki. Na wakati ule Butoyi alikuwa ameshaanza kusalimiana na Leodgar kule mitumbwi inakovutwa, salamu zile zinazochukua muda mrefu kuliko zinavyostahili. Akasugua sufuria lake, akasema:

"Jina halibadilishwi, dada. Limeshafungwa."

"Kwa uzi," Bukuru akasema.

"Hata kwa uzi."

Hawakuongea tena jambo hilo. Bukuru aliolewa Nyanza. Mwaka uliofuata Butoyi akaolewa na Leodgar, palepale Mwamgongo, hatua chache kutoka nyumba ya baba yao. Bukuru alikuja kuwatembelea kila mavuno ya maharage, na kila akija alileta mawese. Watoto Mungu hakumjalia. Butoyi alipojifungua Frida, Bukuru ndiye aliyempaka mtoto mafuta, akasema kwa mzaha, "Huyu yuko peke yake, hamtapata taabu ya uzi." Alionekana ana furaha. Butoyi alijiambia hivyo mara nyingi: alionekana ana furaha.

Ndipo Burundi ikawaka. Boti zikaanza kuja zimejaa watu mpaka ukingo unagusa maji, wengine hawana hata kiatu, na habari walizoleta hazisimuliki mbele ya chakula. Nyanza imeungua, walisema. Waliokimbilia ziwani wamepona. Wengine hatujui.

Basi hilo ndilo lililokuwa likimla Butoyi. Watu walidhani ni uchungu tu wa ndugu, na uchungu ulikuwepo. Lakini chini ya uchungu kulikuwa na swali, nalo lilikuwa halimpi usingizi: nani aliyempeleka Bukuru Nyanza? Ni desturi? Ni uzi ule ulioteleza? Au ni mimi, na sufuria langu mkononi?

Hakuuliza waziwazi. Alilizungukazunguka swali kama kuku anavyozunguka moto. Siku moja alimuuliza mumewe, "Baba Frida, hivi mtu akienda pale na mwingine akabaki hapa, ni kwa nini?"

Leodgar alikuwa anaziba wavu. "Bahati," akasema. "Karabai ile ile, wavu ule ule, giza lile lile. Mwenzio anajaza mtumbwi, wewe unarudi na maji. Ukianza kuuliza kwa nini, hutarudi tena ziwani."

Akamuuliza pia Mzee Hamdani, mchuuzi wa Ujiji aliyekuja kununua dagaa kwa magunia, mtu wa swala tano na ulimi laini.

"Shikamoo, Mzee. Naomba nikuulize la kipumbavu."

"Marahaba, binti yangu. La kipumbavu ndilo lenye majibu."

Akamweleza habari ya uzi, lakini habari ya sufuria akaimeza. Mzee Hamdani akasikiliza mpaka mwisho, akafuta uso kwa kofia yake. "Kudra hiyo," akasema. "Imeandikwa na wino umekauka. Bibi yenu alidhani anafunga uzi, kumbe uzi ulikwisha kufungwa kabla ya bibi kuzaliwa. Usijitese."

Maneno matamu hayo. Butoyi akayabeba nyumbani kama mtu abebavyo kaa la moto kwenye jani, akitaka yasizimike kabla hajafika. Ikiwa imeandikwa, basi na neno lake la ufukweni liliandikwa, yeye alikuwa mdomo tu. Kwa muda alilala.

Kisha siku moja, jua likiwa kali na dagaa wanakauka vizuri, ikaingia boti. Butoyi akaacha sinia. Akasimama maji yanapoishia. Alishuka mzee, wakashuka watoto, akashuka mwanamke mjamzito, tumbo limemtangulia, akiwa ameshika ukingo wa boti kwa mikono miwili. Mwanamke yule akainua uso, akamwona Butoyi, akapiga ukelele ambao wavutaji wa mitumbwi waliusikia mpaka mwisho wa pwani.

"Bukuru! Mana yanje, Mungu wangu! Bukuru!"

Akaanguka magotini ndani ya maji, akamkumbatia Butoyi miguu. "Umefikaje kabla yetu? Tulikuacha umesimama kwenye maji! Umefikaje?"

Aliyemjibu ni Leodgar, aliyekuja mbio. "Siye, mama. Simama. Huyu ni pacha wake."

Mwanamke akatazama juu. Alimchunguza Butoyi paji la uso, meno, masikio, akitafuta kitu kitakachomkanusha Leodgar. Kisha akaachia miguu na kuanza kulia taratibu, bila sauti. Ilikuwa namna mbaya zaidi ya kulia.

Aliitwa Skolastika, dada yake Bonifasi, wifi yake Bukuru. Butoyi alimpeleka nyumbani, akambadilisha nguo, akampikia uji, na hakumuuliza lolote mpaka bakuli lilipoisha. Ndipo Skolastika akaeleza. Bonifasi askari walikwisha kumchukua, hakurudi. Wao wawili walijificha kwenye michikichi, wakateremka ziwani pamoja na wengine. Boti ilikuwa moja na watu walikuwa wengi, kila mmoja anavuta nguo ya mwenzake.

"Mwenye boti akasema anaongeza mmoja tu, la sivyo tunazama sote. Bukuru alikuwa mbele yangu. Mguu mmoja ameshautia ndani." Skolastika akaweka bakuli chini. "Akautoa."

"Akautoa?"

"Akautoa. Nikamwambia, Bukuru, unafanya nini, panda! Akanisukuma kwa mikono yake miwili. Akasema neno ambalo mpaka sasa sijalielewa, dada. Alisema, 'Mimi nimekula wa kwanza maisha yangu yote, wifi. Ingia.' Sisi tulikuwa tunakufa, yeye anazungumzia chakula!"

Butoyi akainuka, akatoka nje. Alikwenda mpaka kwa dagaa wake, akapiga magoti, akaanza kuwageuza mmoja mmoja, kazi isiyofanywa na mtu mwenye akili, maana dagaa hugeuzwa kwa mkono mzima. Asnath alimwona akataka kumwita, akaacha.

Yeye alilielewa neno lile. Lilikuwa lao, la watu wawili duniani. Maana desturi ilisema Bukuru hutangulia. Uzi ulisema hivyo. Kama mtu ni mtumwa wa jina lake, Bukuru angepanda, na hakuna ambaye angemlaumu, maana mguu ulikuwa umeshaingia. Bahati nayo ilikuwa imeshamchagua yeye awe mbele. Lakini aliutoa mguu. Hakutumwa na desturi, wala uzi, wala wimbi. Ni Bukuru mwenyewe.

Na hapo ndipo kaa la Mzee Hamdani lilipozimika mkononi mwake. Kwa sababu kama dada yake aliweza kuutoa mguu pale, penye kifo, basi na yeye aliweza kusema neno jingine jioni ile, penye sufuria tu na mchanga. Walikuwa tumbo moja. Hawezi huyu akawa huru na yule akawa amefungwa. Angeweza kusema, "Haya, tubadilishane." Asingesema kwa kulazimishwa, na hakukataa kwa kulazimishwa. Alikataa kwa kuwa alimtaka Leodgar.

Alitaka kumlilia dada yake, akajikuta anamwonea fahari, na fahari ile ikamkata kuliko kilio.

Skolastika alijifungulia mikononi mwa Butoyi, mtoto wa kike mwenye mapafu mazuri. Kwa muda nyumba ikawa na kelele, na Butoyi akapata wa kuzungumza naye habari za Nyanza: Bukuru alilimaje, alicheka na nani, alipenda kukaa wapi jioni. Kisha serikali ikaja kuwahamishia wakimbizi bara, kwenye makazi mapya upande wa Tabora.

"Twende wote, wifi," Skolastika alisema siku ya kuondoka. Kwa wakati ule alikuwa amezoea kumwita wifi, kana kwamba hakuna tofauti. "Utakaa hapa kumngoja nani?"

"Nenda, mama. Ardhi ya kule nasikia ni nzuri."

"Nikikutazama namwona yeye. Nisipokutazama simwoni hata yeye."

"Najua," Butoyi akasema. "Na mimi nikijitazama kwenye maji ndivyo."

Boti ikaondoka nao kwenda Kigoma mjini. Butoyi akarudi nyumbani, akapika ugali wa watu watatu, na kabla hajawapakulia mumewe na Frida akamega tonge la kwanza akaliweka pembeni kwenye kisahani. Leodgar aliona. Alikuwa mtu mwema, akamega la pili. Tangu siku hiyo tonge la kwanza katika nyumba ile halikuliwa na mtu.

Miaka ilikwenda. Frida aliolewa Ujiji, kule Kasingirima, kwa fundi seremala. Leodgar alikufa kwa homa, kitandani, yeye aliyetazamiwa na kila mtu kufa majini. Asnath naye akahamia Mwandiga kwa mwanawe. Vijana waliokuja kuvua walimwita Bibi tu. Hata jina la Butoyi likabaki halina wa kulitamka. Kulikuwa na siku nzima ambazo sauti aliyoisikia ni ya kunguru na ya mawimbi, na tonge pembeni likikauka.

Frida alikuja kumbembeleza kila mara. "Mama, kaa na sisi. Kuna umeme, kuna wajukuu. Hapa unakaa na nani?"

"Nakaa na dagaa."

"Dagaa wako Kasingirima pia, Mama."

"Wa kule wamekufa zamani. Hawana habari mpya."

Frida hucheka, kisha hulia kidogo akipanda boti.

Ndipo ikafika tisini na tatu, na Burundi ikawaka tena. Boti zikajaa tena mpaka ukingo unagusa maji. Frida aliposikia alikuja kumchukua mama yake kwa nguvu, akamkuta ufukweni na sufuria kubwa la uji, anawagawia wanaoshuka. Hakuwa akiwatazama nyuso tena. Alitazama mabakuli. Frida akafunga kanga kiunoni, akaanza kusaidia.

Siku hiyo waliteremsha mwanamke mzee sana, macho yameingia ukungu, anaongozwa kwa fimbo na mjukuu. Aliitwa Jovita. Alikaa mchangani, akapokea bakuli, akamtazama Butoyi kwa karibu, uso kwa uso, kama mtu anayesoma maandishi madogo.

"Bukuru? Bukuru wa Bonifasi?"

Butoyi akabaki na kata hewani.

"Mimi ni Jovita, jirani yako wa kisimani. Umezeeka, mwenzangu! Lakini pengo la meno ni lile lile." Akamshika mkono, akamkaza. "Siku ile nilikuwa nimejificha kule juu. Nilikuona unateremka ufukweni na wifi yako. Nikasema, yule amepona. Wangu karibu wote waliisha, Bukuru. Miaka yote hii nikikaa usiku najiambia, angalau Bukuru alivuka. Ulivuka, si ndiyo?"

Basi hapana aliyejua Bukuru aliishia wapi. Hilo Butoyi alilipata kwanza, kabla ya yote: huyu alimwona akiteremka tu, naye hakuona zaidi. Boti zote za sabini na mbili zilikwisha kufika na kuondoka, na hakuna tena wa kumuuliza.

Frida alifungua mdomo aseme, "Bibi, umekosea, huyu ni..." Mama yake akamtazama, na mdomo ukafungika.

Pale ufukweni hapakuwa na baba wa kusema nani anatoka. Uzi haukuwepo, wala bibi wa kuufunga. Mchanga ulikuwa ule ule waliosugulia masufuria. Butoyi alikuwa na nafasi ya kusema kweli, na kweli ilikuwa tayari mdomoni, fupi, nyepesi. Alikuwa na nafasi ya kusema lile jingine. Hakuna aliyemsukuma upande wowote. Alilisikia hilo waziwazi, kama mtu anavyosikia kimya baada ya injini ya boti kuzimwa.

"Ego," akasema. Ndiyo. "Nilivuka, mwenzangu."

Jovita akafumba macho yake yenye ukungu. Mabega yakashuka. "Nilijua," akasema. "Nilijua tu." Akaanza kunywa uji.

Walipobaki wawili, Frida alimfuata mama yake kwenye maji, alikokuwa anasugua sufuria.

"Mama, kwa nini umemwambia hivyo? Atakaa hapa siku nyingi. Atakuita hivyo kila siku. Na wewe hutakuwa na wa kukuita Butoyi hata mmoja."

"Wewe huniita Mama."

"Nani amekutuma kufanya hivyo?"

Mama yake akachota mchanga, akausugua kwenye masizi.

"Hakuna aliyenituma," akasema.

Jioni ile alipika ugali, wakakaa watatu na yule mjukuu wa fimbo akawa wa nne. Alimega tonge la kwanza kama kawaida yake, na mkono ukaenda kwenye kisahani cha pembeni. Ukasimama njiani. Jovita alikuwa amekaa anangoja, kinywa wazi kidogo, kama wafanyavyo wasioona vizuri.

"Kula, Bukuru," akasema Jovita. "Tunakungoja wewe."

Akala.